Homa ya Nguruwe: Kutoka Muguga hadi Chanjo ya Vietnam

Ndugu wanafunzi, na ninyi mabwana na mabibi mifugo mliotoka mbali, karibuni.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery, mwaka 1921, kutokana na nguruwe waliokufa Kenya. Kwa miaka mingi kazi ngumu ilikuwa kuitofautisha na homa ya nguruwe ile ya kawaida. Kwa macho huwezi: homa kali, masikio kuwa mekundu hadi zambarau, damu kuvia ndani. Ilibidi umtafute nguruwe aliyekwisha kupata kinga ya homa ya kawaida, umdunge damu ya mgonjwa, usubiri uone kama atakufa. Ni kipimo ghali, na kikatili.

Mwaka 1960 watafiti Malmquist na Hay, waliofanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, wakatoa njia nyingine. Unaotesha seli nyeupe za damu ya nguruwe mzima kwenye kioo, unatia sampuli, unaongeza chembe nyekundu. Baada ya siku kadhaa unaangalia kwa hadubini. Seli iliyoambukizwa utaikuta imegandwa na chembe nyekundu pande zote, kama siafu waliovamia mfupa. Kirusi cha homa ya kawaida hakifanyi hivyo. Siku hizi PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya kirusi, inatoa jibu kwa saa chache, lakini mwanafunzi wangu hatoki maabara bila kuliona jambo hili kwa jicho lake.

Maana hapo ndipo ugumu wa chanjo unapoonekana. Seli hizo ni makrofaji, zenye kazi ya kumeza vijidudu, na kirusi kinazaliana humo humo. Chanjo za kirusi kilichouawa hazikufua dafu. Kingamwili peke yake hazitoshi.

Ikabaki kutumia kirusi hai kilichopunguzwa makali. Watafiti wa Marekani waliondoa jeni moja, I177L, kwenye kirusi kilichoingia nchi ya Georgia mwaka 2007, na Vietnam ikaidhinisha chanjo iliyotokana nacho mwaka 2022. Kirusi hicho ni cha jenotaipu ya 2, yaani kundi la pili kwa vinasaba. Kenya na Uganda kinachosumbua zaidi ni jenotaipu ya 9. Kwa hiyo mfugaji wa kitimoto akikuuliza kwa nini hatuagizi tu ile ya Vietnam, mjibu kwamba lazima kwanza ipimwe kwa virusi vya hapa, kwenye banda lililofungwa vizuri, maana kilichomo kwenye chupa ile bado ni kirusi hai.