Fidla ya Pili: mhadhara kwa wanafunzi wa muziki, Kisumu

Wazazi, walimu, nanyi wanangu mliokuja na fidla zenu mgongoni, asanteni kwa kunipokea nyumbani. Nimeombwa nieleze namna mtu anavyofika mbele katika kazi hii. Mimi nitaeleza jinsi nilivyofika katikati: safu ya fidla ya pili katika okestra, ile inayoshika sauti ya kuandamana na fidla ya kwanza, nilipokaa miaka mingi bila kutamani kuhama.

Sikio langu lilifundwa na orutu, fidla ya Wajaluo. Babu yangu aliicheza huko Siaya, uzi mmoja tu na ngozi ya kenge iliyowambwa, chombo amekiegemeza tumboni. Mwimbaji akiimba, orutu inamfuata. Akivuta pumzi, orutu inajaza pengo. Sikumsikia Babu hata siku moja akimfunika mwimbaji.

Kazi niliipata Ujerumani. Kule kuna okestra zaidi ya mia moja zinazolipa mishahara, na bado nafasi moja hugombewa na watu wengi mno. Mara nyingi duru ya kwanza unacheza nyuma ya pazia, ili wanaokupima wasione sura yako. Unaanza na konseto ya fidla, yaani muziki wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, ya mtunzi Mozart, ya nne au ya tano. Zote mbili aliziandika mwaka 1775, akiwa na miaka 19. Noti zake ni nyepesi na hazina pa kujificha. Ukiteleza kidogo, chumba kizima kimesikia. Baada ya dakika chache unaambiwa asante, unafunga kasha lako, unaondoka. Mimi niliambiwa asante mara saba kabla ya kupata. Ukishapata, unawekwa kwenye majaribio, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha wachezaji wenzako wanapiga kura ubaki au uende. Mwaka ule sikulala vizuri.

Anayeomba fidla ya pili huwekewa mbele muziki wa ufunguzi wa opera ya mtunzi Smetana, The Bartered Bride, ya mwaka 1866. Nyuzi zote zinaanza pamoja kwa kishindo. Mara wengine wananyamaza, na fidla ya pili inabaki peke yake, mbio, kwa sauti ya chini, kama mvua inayoanza kugonga mabati. Fidla ya kwanza inaingia baadaye, ikifuata wimbo ule ule. Kila tulipoufikia ukurasa huo moyo wangu ulidunda, na unadunda hata sasa ninapousimulia.

Kwenye kwateti hakuna mwongozaji. Mko wanne: fidla mbili, viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla, na chelo, kubwa zaidi ya zote. Mnaanza kwa kuvuta pumzi pamoja, na mnaweza kubishana asubuhi nzima juu ya mistari minne, upinde ushuke au upande. Mara nyingi mimi ndiye niliyeshika ile noti inayoamua kama kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, itacheka au italia. Nikiipandisha unywele mmoja tu, wenzangu watatu wanaonekana wamekosea. Mwaka 1784, mjini Vienna, watunzi wanne walicheza kwateti pamoja: Haydn fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Vanhal chelo. Mozart alishika viola. Mtu yule aliyeweza kucheza chochote alikaa katikati, mahali unaposikia pande zote.

Jambo moja kabla sijasahau, kwa sababu mnaishi kando ya ziwa. Msiache fidla ndani ya gari juani. Gundi yake hupikwa kutokana na ngozi za wanyama. Ikipata joto na unyevu hulegea, na mbao hufumuka maungioni. Yangu ilifumuka hapa hapa Kisumu, nikakosa chombo likizo nzima.

Sasa wewe binti wa mstari wa pili, nimekuona umekumbatia kasha tangu nianze. Toa fidla yako, cheza wimbo wowote unaoupenda. Anza wewe, mimi nitatafuta sauti ya pili.