Umeme Umekatika, Hesabu Zifungwe

Ndugu makarani na watunza fedha, asanteni kwa kufika.

Kompyuta ya ofisi ya fedha hutufanyia kazi tatu: hujumlisha, hutafuta na hukumbusha. Ikizimika, wengi wetu huandika malipo kwenye vikaratasi na kungoja umeme urudi. Kazi hulala hapo hapo. Kalamu haichelewi; kinachochelewesha ni kiporo. Kwa hiyo mteja akitoa pesa, mwandikie stakabadhi, kisha ingiza namba ya stakabadhi na kiasi kwenye daftari la fedha taslimu kabla hujamwita anayefuata.

Kitabu cha stakabadhi kiwe na namba zilizochapwa tayari na nakala tatu: ya mteja, ya faili, na ya tatu inayobaki kitabuni. Kama mnatumia karatasi ya kaboni, upande wenye wino utazame chini, na mwandike kwa peni yenye ncha ngumu, mkikandamiza. Kalamu laini haifiki nakala ya tatu. Kosa linalojirudia kila mahali ni kusahau kuweka kipande cha kadibodi chini ya nakala ya mwisho. Maandishi hupenya hadi stakabadhi inayofuata, na mteja wa pili anapewa karatasi yenye kivuli cha deni la mwenzake. Ukikosea, usichane. Andika BATILI katika nakala zote tatu na uziache kitabuni, maana namba ikiruka mkaguzi atakuuliza pesa yake iko wapi. Na kwa wenzangu wa Tanzania: stakabadhi hii ni ya kumbukumbu zenu za ndani, haichukui nafasi ya risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi.

Kwenye daftari, tarakimu zisimame wima, mamoja chini ya mamoja, na alama ya mkato kila baada ya tarakimu tatu. Moja isifanane na saba, wala nne isifanane na tisa. Usifute wala usipake rangi nyeupe: pitisha mstari mmoja, andika kiasi sahihi juu yake, weka saini fupi. Jumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Ukirudia njia ileile, jicho hurudia kosa lilelile.

Sasa tufike panapoumiza kichwa: daftari na pesa mkononi havilingani. Pesa zenyewe mmekwisha kuzihesabu kwa aina ya noti, elfu kumi peke yake, elfu tano peke yake, hadi sarafu, na mmeondoa salio la kuanzia siku. Watu wengi hapa huanza kujumlisha upya ukurasa mzima. Msifanye hivyo. Iulizeni tofauti yenyewe.

Kwanza, je, kuna stakabadhi yenye kiasi hicho hicho ambayo haikuingizwa, au imeingizwa mara mbili? Fuateni mfululizo wa namba. Haipo? Gawanyeni tofauti kwa 2. Tofauti ikiwa 24,000, tafuteni kiasi cha 12,000: huenda ni malipo mliyotoa yaliyoandikwa upande wa mapato, kwani kosa la upande huzaa tofauti mara mbili.

Hapo napo hamkupata kitu, gawanyeni kwa 9. Tofauti ikigawanyika bila baki, shukuni tarakimu zilizopishana. Mathalani daftari limezidi pesa kwa 18,000. Kumi na nane elfu kugawa kwa 9 ni 2,000. Tafuteni kiasi ambacho tarakimu ya makumi elfu imezidi ya elfu kwa 2: pengine 46,000 imeandikwa 64,000. Tofauti ya 45,000 nayo hugawanyika kwa 9 na kutoa 5,000, na hapa huenda 5,000 imeongezwa sifuri ikawa 50,000. Sababu ni kwamba kupishanisha tarakimu mbili zilizo jirani, au kuongeza sifuri, hubadilisha kiasi kwa idadi fulani ya tisa. Hata hivyo dalili si ushahidi. Noti ya elfu tisa haipo, lakini mtu anaweza kupoteza elfu tisa taslimu, na hesabu ya tisa haitamrudishia.

Kutafuta faili hakuhitaji maelezo marefu. Kila faili liwe na namba, na daftari la faharasa lipangwe kwa jina. Faili likitoka kabatini, kadi ibaki mahali pake ikisema nani amelichukua na lini. Kadi ile ndiyo inayookoa muda, kuliko kabati zuri.

Kukumbushwa, tumieni mafolda 43: 31 ya siku za mwezi na 12 ya miezi. Barua ya kujibiwa tarehe 17 hulala kwenye folda ya 17. Ya miezi mitatu mbele huwekwa kwenye folda ya mwezi wake. Kila asubuhi hufunguliwa folda ya siku hiyo tu, na mwezi ukianza folda yake hugawanywa katika siku. Mpango huu hufa mtu asipofungua folda asubuhi moja, kwa hiyo uwe wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na awe na wa kumshikia akiwa likizo.

Umeme ukirudi, kuna mtego. Andikeni namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho za kipindi kile, mtu mmoja aingize, na kila nakala igongwe muhuri au iandikwe IMEINGIZWA papo hapo. Wawili wakigawana kitabu bila kupeana namba, mteja mmoja atajikuta amelipa mara mbili kwenye kompyuta, na daftari la mkono ndilo litakalomtetea.