Wa kwako akiguswa, utasimama wapi?

ATUPELE: Karibuni. Leo tunarekodi nyumbani kwangu Soweto, Mbeya, na mvua imeshaanza, kwa hiyo mkisikia bati linapigwa mtatuvumilia. Niko na kaka Idrisa, mwalimu na Mwislamu, amefika na basi la alfajiri kutoka Iringa. Mada yetu ni uhuru wa maoni: tunautetea kwa wote, au mpaka imani yetu iguswe?

IDRISA: Kamwene, dada Atu. Kamwene nyote mnaotusikiliza.

ATUPELE: Kamwene. Kaka, naanza na wewe, na usinizungushe. Julai 2024 mahakama ya wilaya kule Rungwe ilimhukumu kijana mchoraji faini ya shilingi milioni 5 au jela miaka 2, baada ya video iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais na kumtolea maneno makali. Watu wakachangishana mitandaoni, faini ikalipwa, akatoka. Wewe ulichanga?

IDRISA: Nilichanga elfu kumi. Na mwezi uliofuata, baba yake aliposema mwanawe amechukuliwa na watu asiowajua, sikulala vizuri siku mbili.

ATUPELE: Ulichanga kwa nini?

IDRISA: Maneno yake sikuyapenda hata kidogo. Mama wa watu hasemwi vile. Lakini jela kwa ajili ya picha? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Haikusema maoni mazuri tu.

ATUPELE: Haya. Ile karatasi ingekuwa ukurasa wa msahafu?

IDRISA: Dada... Nisingechanga. Nisingetoa hata mia. Tena ningekuwa kwenye lile kundi la kwenda kituoni kudai akamatwe.

ATUPELE: Ahsante kwa kusema ukweli. Sasa na mimi nitoe wangu, maana usiku kucha nimekuwa nao. Agosti 2023, nchi nzima inazungumzia mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai. Hapa hapa Mbeya, Mahakama Kuu ilikuwa imetupa shauri la kuupinga. Kisha maaskofu Katoliki wakatoa tamko lao, likasomwa makanisani. Kuna waliosema viongozi wa dini wafunge midomo, wabaki madhabahuni. Mimi ni Mmoraviani, lakini tamko lile nililisambaza kila kundi la WhatsApp nililomo, na chini naandika: uhuru wa maoni ni wa wote.

IDRISA: Nakumbuka. Hata mimi ulinitumia.

ATUPELE: Nilikutumia. Mwezi huo huo, mtu akaleta kwenye kundi la kwaya klipu ya mhadhara. Mhadhiri wa Kiislamu amesimama kwenye uwanja mmoja hapa mjini, Biblia mkononi, anasoma mstari kwa mstari akieleza kwa nini Yesu si Mungu. Hakutukana mtu. Alikuwa na sauti ya dhihaka kidogo, na watu wanacheka. Kifua kilinibana. Ikaandikwa barua ya kuomba mihadhara ile ipigwe marufuku. Nikaweka sahihi. Kaka, ni mkono mmoja uliosambaza tamko na ukaweka sahihi.

IDRISA: Hukuona kwamba vinagongana?

ATUPELE: Sikuona. Ndicho kinachonitisha.

IDRISA: Basi ngoja nikupe upande wa pili wa hiyo barua, maana nimekua nao nyumbani. Februari 1998 mimi nilikuwa mdogo. Baba alikaa na redio yake pale Miyomboni, haongei. Kule Dar es Salaam, msikiti wa Mwembechai, malalamiko yalikuwa hayo hayo ya barua yenu: wahadhiri wanaukashifu Ukristo, wanasema Yesu si Mungu. Polisi wakaingia, vurugu zikazuka, watu wakafa kwa risasi. Na baba alichokuwa akirudia miaka yote si habari ya risasi tu. Alikuwa akisema, "Hilo wanaloliita kashfa ndiyo imani yangu. Nikisema Yesu ni nabii, nimeshamkosea Mkristo. Akisema Yesu ni Mwana wa Mungu, ameshanikosea mimi. Sasa nani afungwe?"

ATUPELE: Rudia hapo.

IDRISA: Nani afungwe? Shahada yangu ya Kiislamu, ile ya kukiri imani, ni kashfa kwako ukitaka iwe. Imani yako ya Nikea, ile mnayokiri kanisani, ni kashfa kwangu nikitaka iwe. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 129 inasema ukitamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine, unaweza kufungwa mwaka mmoja. Neno zito pale ni "makusudi". Lakini mitaani hilo neno tumeliondoa. Tumebaki na "ameumiza".

ATUPELE: Lakini ndugu yangu, mwaka 1998 ulikuwa upande wa kuumizwa. Njoo 2012.

IDRISA: Mbagala, Dar es Salaam. Najua unanipeleka huko.

ATUPELE: Lazima twende. Oktoba 2012, watoto wawili wanabishana, mmoja anadaiwa kuukojolea msahafu. Mtoto! Na makanisa yakavamiwa, yakachomwa. Waliolilia haki ya Mwembechai walikuwa wapi siku ile?

IDRISA: Wengi walisema, "Ndiyo makanisa yasichomwe, lakini..." Hiyo "lakini" niliitamka na mimi, nikiwa mkubwa, nina akili zangu. Ukishaweka "lakini" hapo, umeshamkabidhi mtu kiberiti. Nilipaswa kusema sentensi moja na kunyamaza: makanisa yasichomwe. Habari ya yule mtoto ilikuwa ya wazazi wawili kukaa kibarazani.

ATUPELE: Wengine watasema sisi wawili tunaishi kwenye maneno. Watu wa Tunduma wanakumbuka Aprili 2013, bado wako mkoa wa Mbeya wakati ule, mji ulivyochafuka kwa ugomvi wa nani achinje nyama ya buchani. Mkuu wa wilaya akiogopa mhadhara, si kwamba ni mkandamizaji tu. Amewahi kuona matairi yanawaka barabarani.

IDRISA: Nakubali hofu yake. Kwa hiyo akamkamate anayesema "twendeni tukachome". Huyo hana maoni, huyo anatoa amri ya vita. Na yule anayesema "kitabu chenu kimekosewa", amwekee askari wa kumlinda. Lakini tumezoea kinyume chake. Akizungumza mtu na umati ukakasirika, anayekamatwa ni mzungumzaji, kwa sababu yuko mmoja na ni rahisi kumbeba. Hapo umati unajifunza kwamba hasira inalipa.

ATUPELE: Kuna kundi ambalo hasira yake hailipi kabisa, na ndilo linaloniuma mimi kama Mnyakyusa. Bibi yangu mzaa mama, Lwangwa kule, hakubatizwa mpaka uzeeni. Wazee wake walikuwa wakienda kutambika kwa Lwembe, mzimu mkuu wa Wanyakyusa, pale Lubaga. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na jina la Mungu tunaloomba nalo kanisani mpaka leo, Kyala, limetoka kinywani mwa wazee hao hao. Sasa pita stendi ya Kabwe jioni yoyote. Vipaza sauti vinasema matambiko ni ya shetani, wazee wa mila ni wachawi, mizimu ikanyagwe. Kila siku. Umewahi kusikia mtu ameshtakiwa kwa kuumiza hisia za mzee wa mila?

IDRISA: Sijawahi. Na misikitini tunasema hayo hayo, tunaita ushirikina.

ATUPELE: Sheria haijasema dini mbili. Lakini aliyefundishwa kwamba imani yake si dini hana hata pa kulalamikia. Sisemi wahubiri wafungwe! Wahubiri waseme. Nasema kipimo. Kama bibi yangu aliweza kusikia mizimu ya kwao inatukanwa miaka sitini na akaendelea kupika ugali, mimi na klipu yangu ya dakika nne nilishindwa nini?

IDRISA: Hili si letu peke yetu. Waingereza walikuwa na sheria ya kukufuru. Mwaka 1977 gazeti moja likatiwa hatiani kwa shairi kuhusu Yesu. Baadaye Waislamu wa huko wakaenda mahakamani kuishtaki riwaya ya Salman Rushdie, waliyoiona inamkashifu Mtume, wakaambiwa mwaka 1990 kwamba sheria hiyo inalinda Ukristo tu. Sikipendi kitabu kile. Lakini fikiria umekaa mahakamani unaambiwa moyo wa jirani yako ukiumia ni kosa la jinai, wako ukiumia ni maoni. Wakaja kuifuta 2008.

ATUPELE: Na Ufaransa?

IDRISA: Ufaransa iliniacha na maswali. Januari 7, 2015 watu 12 waliuawa kwenye shambulio dhidi ya Charlie Hebdo, gazeti la dhihaka lililochora katuni za Mtume. Kuua kwa ajili ya katuni, mimi kama Mwislamu nasema ni dhambi, sina "lakini" hapo. Tarehe 11 viongozi wa dunia wakaandamana Paris. Waziri wa mambo ya nje wa Misri alikuwemo, na waandishi wa Al Jazeera wako gerezani Cairo. Siku tatu baadaye polisi wa Ufaransa wakamkamata mchekeshaji Dieudonné kwa maneno aliyoandika Facebook, na Machi akapewa kifungo cha nje. Aliyoyaandika yalikuwa ya kuchukiza. Lakini vijana wa mtaani kwetu walinishika shati: "Mwalimu, si walisema kuchukiza ni ruksa?" Sikuwa na la kuwajibu.

ATUPELE: Ungekuwa nalo leo?

IDRISA: Leo ningewaambia: msipime haki yenu kwa unafiki wa Paris. Wao wakikosa uaminifu, sisi hatujapata ruhusa. Na wanasiasa wetu ni vilevile. Waliowapigia makofi maaskofu walipozungumzia bandari, wengi wao walikaa kimya masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, wakikaa mahabusu miaka mpaka wakaachiwa Juni 2021. Na waliolia na masheikh, wengine ndio waliosema maaskofu wanyamaze. Kila mmoja ana mfungwa wake.

ATUPELE: Kila mmoja ana mfungwa wake... Kaka, ile barua ninayo nakala. Nimeitoa asubuhi kabla hujafika.

IDRISA: Iko wapi?

ATUPELE: Hii hapa. Sahihi yangu ni ya saba.

IDRISA: Nisomee.

ATUPELE: "Tunaomba mihadhara hiyo isitishwe mara moja kwa kuwa inatuumiza sisi waumini." Inatuumiza. Basi. Hakuna mstari unaosema alidanganya nini, au alimtishia nani.

IDRISA: Utaifanya nini?

ATUPELE: Jumatatu nakwenda kwa mchungaji. Nataka jina langu lifutwe, na nataka nimweleze mbele ya wazee wa kanisa kwa nini. Watakasirika, na mwenyekiti wa kwaya ni shangazi yangu.

IDRISA: Nikusindikize?

ATUPELE: Hapana, wewe una lako. Kijana akichoma ukurasa Iringa, utasema nini Ijumaa baada ya sala?

IDRISA: Nitasema nimeumia. Kisha nitasema asiguswe. Naomba Mungu sauti isinikauke katikati.

ATUPELE: Mvua imezidi, tutakoma hapa. Wiki ijayo nitawaeleza shangazi alisema nini. Ndaga fijo.