Kusimamia mashimo ya majaribio kando ya barabara: macho kwenye udongo

Karibu mtazamaji. Barabara inataka kupanuliwa, wahandisi wanachimba mashimo ya kupima udongo, nawe umepewa jukumu la kulinda mambo ya kale. Kabla katapila halijawashwa, mwombe opereta afunge ndoo bapa. Ndoo ya meno huvuruga mipaka ya tabaka, usijue tena kigae, yaani kipande cha chungu, kimetoka juu au chini.

Washa GPS na uhakikishe iko kwenye WGS84, mfumo wa kutaja mahali kwenye ramani. Ramani nyingi za zamani za Uganda zilichorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukichanganya hizo mbili, shimo lako litahama karibu mita 300.

Simama ubavuni, opereta akuone, mkono wa katapila usikufikie. Akwangue sentimita 10 kila mara. Juu kabisa mara nyingi utakuta kifusi cha matengenezo ya zamani: kokoto, lami, vifuniko vya soda. Hapo usipoteze muda. Udongo ukianza kuwa mweusi au wa majivu, inua mkono, katapila lizimwe, kisha ushuke na mwiko.

Kila tabaka, chekecha ndoo moja ya lita 10 kwa chekeche la matundu ya milimita 5. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu punje za moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, hufanana mno na mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyusha chuma. Osha kipande, kivunje. Moramu ndani ina wekundu wa kutu. Mavi ya chuma ni meusi, mazito, yana vitundu vya hewa na michirizi kama uji uliomwagika ukaganda. Sumaku usiitegemee, maana hata moramu nyingine hunasa.

Vigae vigeuze kwenye mwanga wa pembeni. Vyungu vya Urewe, yaani vya mwanzo wa Enzi ya Chuma, vina mistari iliyochorwa, na baadhi vina kibonyeo kitakoni. Alama za kamba iliyoviringishwa ni za baadaye. Mkaa wa kupima umri uchukue kwa ncha ya mwiko safi, si kwa vidole, uufunge kwenye foili.

Shimo likipita mita 1.2, usiingie. Kuta huporomoka ghafla, hasa baada ya mvua.

Ukiona mfupa wa mtu, simamisha kazi yote, funika kwa turubai, waite polisi na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha uwajulishe Makumbusho ya Uganda, Kampala.

Shimo tupu nalo lijaziwe fomu: kina, rangi za tabaka, picha yenye kipimo na mshale wa kaskazini. Bila hiyo, hakuna atakayejua kama palikuwa patupu au hapakuangaliwa. Ndipo lifukiwe, udongo wa chini ukitangulia.