Redio za teksi kugeuka ripita

Asanteni kwa kuja. Naona wengine mmekuja na redio zenu za mkononi. Zizimeni kidogo tusikilizane. Leo tunageuza redio kuukuu za teksi kuwa ripita, yaani mtambo unaopokea sauti kwa masafa fulani na papo hapo kuirusha tena kwa masafa mengine ili ifike mbali.

Kule Marekani, ilipofika Januari 2013, redio nyingi za upepo za kibiashara na za huduma za umma zilizokuwa zikitumia chaneli zenye upana wa kilohezi 25 zilitakiwa ziwe zimeshahamia 12.5. Teksi, zimamoto, polisi. Mitambo isiyoweza kubanwa kwenye chaneli hizo nyembamba ikatolewa stoo kwa bei ya chuma chakavu, na waliofaidi ni watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha kwa kujifurahisha na si kwa biashara, maana amri ile haikuwahusu. Kipenzi chao cha siku nyingi ni MASTR II ya General Electric. Ndani yake sehemu ya kupokea na ya kurusha zimejitenga, kwa hiyo unahamisha nyaya chache, unatia kristali, vile vipande vinavyoamua masafa, za masafa yako, unatyuni upya, na redio ya gari inapokea huku inarusha.

Nguvu ipunguzeni. Redio ya gari iliundwa kwa dereva anayesema maneno mawili akanyamaza. Ripita haina bahati hiyo, hasa wakishika zamu wale wazee wetu wa jioni wasiomaliza kuongea. Shusheni wati hadi nusu au chini zaidi, mfunge na feni.

Sasa kazi yenyewe: dupleksa, kile kichujio kinachowezesha kurusha na kupokea kwa antena moja kwa wakati mmoja. Kwenye mita 2, ile bendi ya ridhaa ya karibu megahezi 144, masafa ya kuingia na ya kutoka yanaachana kilohezi 600 tu. Unarusha wati 25, na papo hapo, kwa antena ileile, unataka kunasa robo ya maikrovolti. Ni kusikiliza mnong'ono mlangoni pa mashine ya kusaga. Dupleksa ndogo za magari zilitengenezwa kwa mwachano wa megahezi 5 kwenye UHF, bendi ya masafa ya juu zaidi. Mita 2 haziwezi, huko mnahitaji dupleksa ya makopo makubwa ya chuma. Ndiyo maana anayeanza namwambia aanze na UHF.

Mkimaliza, jaribuni hivi. Mwenzenu aende mbali mpaka sauti yake iwe dhaifu, imechanganyika na mchakacho. Msikilizeni kirushio kikiwa kimezimwa, kisha kiwasheni. Sauti ikizama, msikimbilie bisibisi kutyuni tena. Angalieni kwanza vipande vya waya vinavyoingia kwenye dupleksa: ule wenye karatasi ya alumini chini ya wavu wa shaba huzalisha kelele zake wenyewe. Wekeni RG-214, wenye wavu mara mbili, halafu mwiteni tena mwenzenu.