Jinsi ya kusafisha udongo uliomwagikiwa dizeli kwa kutumia bakteria

Karibuni, watazamaji. Tuko Mikindani, mkoani Mtwara, nyuma ya gereji ya injini za boti, na udongo huu mweusi umenywa dizeli. Usiufukie, kwa sababu kwenye mchanga wa pwani mafuta hushuka hadi kwenye maji ya kisima. Bakteria wanaokula dizeli, kama Pseudomonas na Rhodococcus, kwa kawaida wamo humu humu udongoni. Huna haja ya kununua chupa ya bakteria. Wanachokosa ni hewa, maji na naitrojeni.

Anza Mei au Juni, mvua zikishakatika. Vaa glavu na buti. Tandika turubai zito lisilo na tundu mahali palipoinuka, mbali na kisima, ulizungushie tuta. Chimba udongo wote unaonuka, uutandaze juu yake kwa kina kisichozidi sentimita 30. Ukirundika zaidi, hewa haifiki chini.

Tuchukue meta moja ya ujazo, yaani ndoo 50 za lita 20. Changanya na ndoo 5 za samadi ya mbuzi iliyooza na ndoo 5 za pumba za mpunga. Maganda ya korosho yamejaa huku kwetu, lakini usiyaweke hata kidogo: mafuta yake makali yanaua bakteria hao hao tunaowalisha.

Sasa mbolea. Udongo wenye dizeli asilimia 1 una kaboni kilo 13 hivi kwa meta ya ujazo. Kwa uzito, kwa kila kaboni 100, bakteria wanataka naitrojeni 10 na fosforasi 1. Hiyo ni urea kilo 2.5 na gramu 650 za DAP, mbolea yenye fosforasi na naitrojeni. Usimwage zote kwa mpigo! Gawa mara 4, kila baada ya wiki 2. Harufu ya amonia ikikupiga puani, umezidisha. Geuza udongo na uruke zamu inayofuata.

Tazama kiganja hiki. Nimeufinya udongo, umeshikana bonge. Nikiligusa kwa kidole linavunjika, na hakuna tone lililodondoka. Unyevu uwe hivyo siku zote. Maji ya bahari hapana, chumvi yake inawadhoofisha. Ya bomba yalaze usiku kucha kwenye ndoo wazi, klorini itoke.

Geuza kila wiki kwa beleshi, maana jembe litatoboa turubai. Ukisikia harufu ya yai viza, hewa imekosekana: punguza maji, geuza mara mbili kwa wiki. Mvua ikitishia, funika.

Karibu na mikorosho inayopuliziwa salfa, pima pH, yaani kiwango cha asidi udongoni, kwa kuwa salfa hugeuka asidi udongoni. Ikiwa chini ya 6, weka kilo 1 ya chokaa ya kilimo, usubiri wiki, upime tena. Chokaa na urea visiingie siku moja, naitrojeni itapotea hewani.

Dizeli huchukua miezi 3 hadi 6. Oili chafu ya injini ni ngumu zaidi, inaweza kupita mwaka, na madini mazito kama risasi yaliyomo hayaliwi na bakteria yeyote. Kwenye udongo huo usipande chakula.

Harufu ikiisha, panda choroko 10 hapa na 10 kwenye udongo safi. Zikiota 9 kule na 4 huku, kazi bado: endelea kugeuza. Zikilingana, ndipo upeleke sampuli maabara.