Masikio ya Kuazima

Masalkheri wazazi wetu, masalkheri vijana. Nimepewa saa moja nizungumzie mwimbaji kijana aliyeshinda shindano la televisheni, na miezi kama 18 inayofuata ushindi wake. Nitasema na yule anayefikiria kujiandikisha, na yule aliyetoka juzi, na zaidi nitasema na mamake, maana mara nyingi mama ndiye anayetiwa karatasi mkononi aweke sahihi.

Waliokupigia kura bado si mashabiki wako. Walikaa mbele ya televisheni kwa ajili ya shindano, wewe ukawa ndani yake. Msimu ujao watakaa pale pale kumtazama mwengine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Haya ni masikio ya kuazima, na mwenyewe atayadai. Kazi ya miezi hiyo 18 ni kuyahamisha yatoke kwa kipindi yaje kwako, kabla mwenyewe hajabisha hodi.

Na muda ni mfupi. Kelly Clarkson alishinda American Idol mwanzoni mwa Septemba 2002. Singo yake ya kwanza ilitoka mwezi huo huo, albamu ikafuata Aprili 2003. Miezi 7, na hapo nyuma yake kuna kampuni kubwa ya Marekani yenye watunzi na studio. Kwetu, shindano la kuimba la Tusker Project Fame lilianza 2006, Valerie Kimani akawa mshindi wa kwanza. Pesa zilikuwapo: Ruth Matete alipewa shilingi milioni 5 mwaka 2012. Mwaka ule ule Walter Chilambo akashinda Bongo Star Search kule Tanzania. Wote wawili baadaye walihamia nyimbo za injili. Imani yao ni yao, siingii. Natazama upande wa kazi tu: kanisa lina watu wanaorudi kila wiki bila kutangaziwa. Sisi wa Mombasa tuna kitu cha namna hiyo, harusi, na nitafika huko.

Kwanza nyimbo. Ingia shindanoni ukiwa na nyimbo zako 3 zimekwisha kutungwa. Usizitoe, kwa sababu mikataba mingi ya mashindano inakataza kutoa kazi msimu ukiendelea. Zirekodi kwa simu tu, na gitaa au kinanda, mradi mwendo na ufunguo, yaani kimo cha sauti unachoimbia, vijulikane. Ukitoka, wiki ya kwanza lala, pumzisha koo. Wiki ya pili na ya tatu studio. Ya nne wimbo uende kwa msambazaji, anayeupeleka kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni, ambaye hutaka wiki 3 au 4 kabla ya siku ya kutoka. Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, hutaka ombi lako la kuwekwa kwenye orodha za wahariri lifike angalau siku 7 kabla. Hesabu: wiki ya nane uko sokoni. Anayeanza kumtafuta prodyuza baada ya fainali, wiki 8 hizo zinamgeukia miezi 6, na kufikia hapo kipindi kimeshaanza kutangaza usaili wa msimu mpya.

Ile video yako ya nusu fainali ambayo kila mtu ametumiana iko kwenye chaneli ya kipindi. Wanaoitazama wanahesabiwa kule, na malipo ya matangazo yanakwenda kule. Chaneli yako YouTube itaanza kulipwa matangazo ukiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ifungue kabla hujaingia shindanoni. Mengine ya mitandao mnayajua kunishinda.

Sasa tuje kwenye mali, na hapa nitakaa kidogo. Wimbo mmoja una mali mbili. Chukueni Jambo Bwana, ambao mtoto wa Pwani anazaliwa akiujua. Aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ikaurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 Boney M. nao wakatoa rekodi yao. Utunzi ni mmoja, rekodi ni mbili, na kila kimoja kina mwenyewe. Kwa sheria ya Kenya utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi inalindwa miaka 50. Sasa rudi kwenye video yako ya nusu fainali. Utunzi wa mtu mwengine. Rekodi ya kituo. Chako wewe ni haki ya mwimbaji tu, ile ambayo PRISK, chama cha watumbuizaji, kiliundwa kuikusanyia malipo. KAMP ni ya watayarishaji wa rekodi, na watunzi wana chama chao. Vyama hivi hupewa leseni kwa muda na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na leseni hizo zimewahi kuzozaniwa mahakamani, kwa hivyo angalia orodha ya KECOBO ya mwaka huo kabla hujajaza fomu ya yeyote.

Siku unaporekodi wimbo wako, usitoke studio bila karatasi ya mgao. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani ametengeneza biti, kila mmoja asilimia ngapi, jumla ifike 100, sahihi zote. Tuseme wewe 50, mwenzako aliyeandika beti la pili 25, prodyuza 25. Ikiandikwa siku ile, hakuna atakayenuna. Ikingoja wimbo upigwe kila matatu, kila mtu atakumbuka kwamba kiitikio kilikuwa chake. Tena omba mafaili yote: wimbo kamili, ala peke yake, sauti peke yake, na kila chombo mbali, kwa WAV, faili lisilobanwa, si MP3. Bila faili la ala utaimba juu ya sauti yako mwenyewe jukwaani, na watu wanasikia.

Mkataba. Mshindi huwa anakuta karatasi mbili: ya kipindi, aliyoisaini siku ya usaili akiwa kwenye foleni, na ya lebo au meneja, inayokuja siku ya furaha. Ile ya kwanza huwa na kifungu kinachompa mwenye kipindi haki ya kukuchukua kabla ya wengine. Uliza haki hiyo inakufa tarehe gani. Tarehe, si “baada ya muda unaofaa”. Ile ya pili, usikubali muda uhesabiwe kwa albamu. Albamu 3 zinasikika kidogo, lakini anayeamua kama albamu imekubalika ni lebo, na isipokubali, hesabu haisogei. Unaweza kukaa miaka 9 ndani ya albamu 3.

Halafu hesabu ya deni. Tuseme lebo inakupa shilingi 500,000 mkononi na kutengeneza video ya 300,000, na mkataba unasema gharama zitarudishwa kutoka mgao wako, ambao ni 20%. Deni ni 800,000. Wimbo ukiingiza 100,000, zako ni 20,000, na hizo 20,000 zinakatwa deni. Ili deni liishe, nyimbo ziingize milioni 4. Lebo yenyewe ilikwisha kurudisha pesa zake mapato yalipofika 800,000. Kuanzia hapo mpaka milioni 4, yote inachukua yeye na wewe unaambiwa unadaiwa. Ndiyo sababu msanii ana wimbo redioni na anaomba nauli. Dawa yake ni sentensi moja: gharama zikatwe kwanza kutoka mapato yote, kisha mgawane. Kwa sentensi hiyo, shilingi ya 800,001 ina senti 20 zako. Hiyo sentensi iombe kabla ya kuomba gari.

Vivyo hivyo kwa Skiza, nyimbo anazosikia anayekupigia simu kabla hujapokea. Sheria inasema mapato ya miito ya kuitikia simu, si chini ya 52% yaende kwa msanii au mwenye haki. Lisome lile “au”. Ukiwa umeuza rekodi, mwenye haki si wewe. Na kuuza hakuwi kwa mdomo: uhamisho wa haki ya wimbo hausimami pasipo maandishi yenye sahihi. Kwa hivyo anayekuambia “saini tu hapa, ni kawaida”, ameshakueleza thamani ya sahihi yako. Mkabidhi wakili anayezijua kazi za hakimiliki. Na aliye chini ya miaka 18, mzazi asome, asiwe shahidi wa kupigwa picha tu.

Haya, harusi. Mshindi akirudi nyumbani simu za kwanza hazitoki redioni. Zinatoka Kisauni, Likoni, Bondeni: kuna harusi, njoo uimbe. Wako wanaoona ni kujishusha. Mimi naona ndiko masikio yanakohama, kwa sababu aliyekusikia mita 3 kutoka kwake, masikio yake si ya kuazima tena. Lakini kuna adabu zake. Arbuni nusu siku ya kupatana, nusu iliyobaki kabla hujapanda jukwaani, kwa maana baada ya wimbo wa mwisho mwenye pesa huwa amekwenda kumsindikiza bibi harusi. Pesa za tuzo, zile unazotuzwa ukiimba, kubalianeni na bendi kabla: za mwimbaji, au zinaingia kapuni? Bendi nyingi zimevunjika kwa noti za mia mbili mia mbili. Na kwenye sherehe ya kupamba bibi harusi, ya wanawake peke yao, simu hazitolewi. Usirekodi hata sekunde 10 za kutia mtandaoni. Utafukuzwa, na habari itakutangulia katika kila nyumba.

Mwaka wa Mombasa una sura yake, uchumi wako ufuate sura hiyo. Ramadhani hakuna harusi wala shoo. Baada ya Idi mwaliko unapandana na mwaliko. Agosti na Desemba kadhalika, shule zikifungwa. Hoteli za Nyali, Bamburi na Diani zina wageni Desemba hadi Machi, na mvua za masika zikiingia Aprili, zinapunguza bendi. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo kuna miaka inaangukia msimu wa wageni, na mwaka huo andaa akiba mapema. Mwezi huo ni wa kutunga. Fungu la pesa za Desemba liwekwe kando, na kodi ya zuio ya 5% inayokatwa kwenye mirabaha, malipo ya haki za nyimbo zako, uidai stakabadhi yake.

Televisheni inakulemaza kwa jambo moja zaidi. Kule uliimba wimbo mmoja wa dakika 2, bendi imepanga ufunguo wako, una kidude sikioni unajisikia vizuri. Huku unatakiwa dakika 45. Hizo ni nyimbo 11 hivi, na maneno ya katikati. Mwanzoni ziwe 7 za watu na 4 zako. Kila baada ya miezi 3 toa moja ya watu, tia yako. Pleibaki, ile rekodi ya ala unayoimbia juu yake, kwa kila wimbo iwe ya aina mbili, ufunguo wake na nusu toni chini, kwa siku ambazo koo limechoka. Koo likikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tangawizi na asali ni tamu, lakini unachomeza kinapita umio, hakigusi nyuzi za sauti. Kinachozisaidia ni maji ya siku nzima, mvuke, usingizi na kunyamaza. Kunong'ona si kunyamaza.

Mwisho, spika. Sauti ikilia “wiii”, usimtazame fundi kwa hasira. Angalia mkono wako. Maiki ya kuimbia imeundwa isisikie nyuma yake, na matundu yanayofanya kazi hiyo yako chini ya kichwa cha waya. Ukikikumbatia kichwa kwa kiganja kama wafanyavyo wachanaji wa rap, umeyaziba, na maiki inaanza kusikia pande zote, pamoja na spika iliyo miguuni pako. Shika mpini. Usipite mbele ya spika kubwa. Simama nyuma yake. Kama pleibaki iko kwenye simu, tia hali ya ndegeni, ama shangazi atapiga katikati ya kiitikio na mlio wake ukumbi mzima utausikia. Weka nakala kwenye flashi pia. Na beba waya wako mwenyewe, plagi ndogo ya kuingia simuni upande mmoja, plagi mbili kubwa za mikseri upande wa pili. Beba miwili, kwa sababu wa kwanza utaazimwa na DJ.